Kiatu cha Baniani

Hotuba iliyotolewa na jirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Tabora



Barua ya Kamati iliyoniomba niseme kwa niaba ya majirani ilinitaka nizungumzie uhusiano mwema uliopo baina yetu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na maradhi ya walimu wa historia ni kuuliza: mwema tangu lini, na kwa nani? Basi mniwie radhi nikianza na methali ambayo kila Mswahili anaijua, na ambayo jirani mwenye adabu asingeitamka ndani ya nyumba hii. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Naona wazee wawili wanatabasamu. Kumbe mnaijua.

Kwa vijana ambao hawakuikuta methali hii shuleni, nitaieleza. Kiswahili cha mababu kilitenga maneno mawili ambayo leo tumeyachanganya. Mhindi alikuwa mtu wa Bara Hindi, hasa Mwislamu. Baniani alikuwa yule mwenye dini ya Kihindu, aliyekataa nyama, akachoma maiti wake badala ya kuwazika. Methali yasema kwamba mtu huyo hatumpendi, lakini chake kinatufaa. Kwa sasa hutumiwa kwa yeyote. Nimeisikia ikisemwa juu ya shemeji mchoyo mwenye baiskeli nzima. Hata hivyo, aliyeitunga alimtazama mgeni, akamgawa vipande viwili: mguu akaukataa, kiatu akakitamani.

Mimi naamini kwamba methali hii haimweleze Baniani hata kidogo. Yatueleza sisi wenyeji. Ndilo jicho ambalo mwenyeji humtazamia mgeni mahali popote penye kazi na fedha, na mji wetu umelijua jicho hilo kutoka pande zote mbili.

Tabora haikuanza na kabila moja. Burton na Speke walipofika hapa mwezi Novemba 1857, walikuta mahali palipoitwa Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, pana tembe za Waarabu, bustani, maghala na watumwa. Walikuta pia sifa za mtu aliyekuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kigeni wa mwanzo kabisa kufanya makao huku bara: Musa, Mwislamu wa madhehebu ya Khoja kutoka Surat, ambaye watu walimpa jina la Musa Mzuri. Speke aliporudi mwaka 1861 akiwa na Grant, Musa ndiye aliyewakaribisha nyumbani kwake. Hakuwa Baniani, na pengine uzuri uliosifiwa ulikuwa wa sura tu. Hata hivyo napenda kuyaweka majina hayo mawili pamoja. Kiswahili kilichobeba Baniani mbaya kutoka pwani ndicho kilichobeba Musa Mzuri kutoka kwetu.

Wala sisemi kwamba wageni wote walikuja na mikono mitupu na nia safi. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotaka kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu, walimpiga vita wakamwondoa katika kiti chake, karibu na mwaka 1860, wakamsimamisha Mkasiwa aliyewafaa zaidi. Miaka kumi na moja baadaye Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na vita vyake na wafanyabiashara hao vikauchoma mji huu. Mwenyeji aliyemwogopa mgeni katika siku hizo hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu aliyoweza kuitaja kwa jina.

Tena kuna jambo ambalo hekalu lenye heshima halina haja ya kufichwa. Misafara iliyofika hapa iliendeshwa kwa mkopo, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilitoka Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mkubwa wao alikuwa Jairam Shivji, Baniani wa asili ya Kutch, ambaye nyumba yake ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Kwa fedha hiyo zilinunuliwa merikani, shanga na kaniki. Kaniki hiyo ilitoka India, kisha ikawa nguo ya mama zetu na ya waganga wetu, hata leo hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa ya kigeni. Lakini misafara ile ilirudi pwani na pembe za ndovu, na pamoja na pembe, binadamu. Nalisema hili kama ninavyosema darasani kwamba watemi wetu wenyewe waliuza watu. Asiyetaka kuhesabu deni la babu yake asihesabu la babu wa jirani.

Sasa tugeuze sarafu.

Wanyamwezi nao walikuwa wageni mahali pa watu, na walikuwa wengi. Jina lenyewe tulipewa na watu wa pwani. Babu zetu walijiita kwa majina ya tawala zao. Kila mwaka, baada ya mavuno, maelfu walishuka Bagamoyo. Mpagazi mmoja alibeba mzigo upatao kilo thelathini begani, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake, akatembea muda wa miezi mitatu. Hapakuwa na njia nyingine ya kupitisha pembe. Punda walikufa kwa mbung'o, magari hayakuwapo. Kila kuta nene za nyumba za mawe mnazoziona katika picha za pwani, pembeni yake kuna bega la Mnyamwezi ambalo mpiga picha hakuliona.

Nao wenye mji walituitaje? Washenzi. Walitupa kambi nje ya mji, wakasubiri mizigo iingie ndani. Tulipokwenda baadaye katika mashamba ya karafuu ya Unguja na ya mkonge ya Tanga, neno lilibadilika kidogo tu: tukawa manamba, watu wa namba, waliohesabiwa asubuhi na jioni. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge Tanga. Alirudi na blanketi, kikohozi na neno moja la Kibondei ambalo hakukubali kutufafanulia. Laiti wenyeji wa huko wangetunga methali, ingekuwa hivi: Mnyamwezi mshenzi, bega lake dawa.

Mfano mwingine uko mbali kidogo, lakini njia yake inaanzia hapa. Katikati ya karne ya 19, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba aliyeitwa Kalasa aliondoka katika nchi ya Wasumbwa, ndugu zetu wa kaskazini-magharibi, akavuka Ziwa Tanganyika na kufika Katanga. Wenyeji walimpokea kama mgeni. Akawasaidia katika vita vyao, akaoa kwao, na mwishowe akawatawala. Ndiye Msiri, mfalme wa Garenganze, ambaye mji wake mkuu wa Bunkeya ulipokea misafara kutoka bahari zote mbili, hadi alipopigwa risasi mwezi Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake waliitwa Wayeke, na kizazi chao kiko huko hadi leo. Hakuna mtu wa Lubumbashi anayemwambia Myeke arudi Tabora.

Lakini katika Katanga hiyohiyo yalitokea mengine. Wabelgiji walipofungua migodi ya shaba na kujenga miji ya viwanda, walileta wafanyakazi kutoka mbali, wengi wao kutoka Kasai. Watu wa Kasai walisoma mapema, wakawa makarani, mafundi na watu wa reli. Wajukuu wao walizaliwa Likasi na Kolwezi, wakasema Kiswahili cha huko, wala kijiji cha Kasai hawakukijua. Mwaka 1992 na 1993, uchumi wa migodi ulipoporomoka na wanasiasa wakahitaji mtu wa kulaumiwa, wakaambiwa kuwa ni wageni. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Maelfu walilala kwa miezi katika stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia pale kwenye reli. Nawaambia nyinyi watu wa Tabora, ambao stesheni ni kitovu cha mji wenu: jaribuni kuliona jukwaa la stesheni yetu limejaa majirani walioambiwa waende kwao, nao hawana kwao pengine.

Myeke na mtu wa Kasai wote walikuja kutoka nje. Mmoja alikuja na bunduki na mwingine na kalamu. Naacha hesabu hiyo kwenu.

Nirudi nyumbani. Tabora haina moshi wa viwanda vikubwa. Kiwanda chetu ni reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo mji wetu ukawa njia panda ya karakana, mabehewa na filimbi. Baba yangu alikuwa fundi msaidizi katika karakana. Reli ya Waingereza ilijua kupanga watu kama vile ilivyojua kupanga mabehewa: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mzungu alikuwa mkuu, Mhindi au Mgoa akawa mkuu wa stesheni au karani wa tiketi, Mwafrika akawa mtia makaa. Mji wenyewe ukagawanywa hivyohivyo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mhindi na Mwafrika walijuana kwa miaka hamsini kupitia dirisha la tiketi na kaunta ya duka. Ni vigumu sana kumpenda mtu ambaye umemwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na duka. Mwenyewe tulimwita Bhai, na mkewe, kama walivyomwita wanawe, tulimwita Ba. Kwa Kigujarati ni mama, lakini kwa masikio yetu ni baba, kwa hiyo watoto wa mtaa tuliamini kwa muda mrefu kwamba katika nyumba ile mke ndiye mume. Pengine hatukukosea sana.

Ba alikuwa mkarimu. Tukitumwa chumvi, alitupa kipande cha sukari guru. Tukiwa na kiu, alitupa maji, na maji hayo yalikuwa katika kikombe cha bati kilichokaa dirishani, upande wa nje, peke yake. Vikombe vya nyumba vilikuwa ndani. Hakuna aliyetueleza. Mtoto haelezwi jambo la namna hiyo. Analiona likikaa dirishani kila siku. Sisi nasi hatukuwa malaika. Tulipita usiku nyuma ya ua wao tukiigiza lugha yao. Tulisimuliana kwamba mahali pa kuchomea maiti pana mizimu ya moto inayokula watoto wa Kinyamwezi. Mlikuwa na neno lenu la Kigujarati mlilotuitia mlipodhani hatusikii, nasi tulikuwa na letu. Maneno hayo sitayatamka leo, wala sidhani yanahitaji kuchapishwa katika kitabu cha kumbukumbu. Yanajulikana.

Hali ilikuwa hiyo, na bado katika mji huuhuu likafanyika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea Tabora. Mwezi Januari 1958, TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye sharti la ajabu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, asipofanya hivyo, kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walichukizwa, nao walikuwa na haki ya kuchukizwa, kwa maana Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wale wengine wawili kwa pamoja. Walitaka chama kisusie. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma hapa na akafundisha hapa, alisimama akawasihi waingie katika uchaguzi ule. Wakakubali. Ndio Uamuzi wa Busara wa Tabora. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka, akaanzisha chama chake kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Vitabu vyetu husifu uamuzi huo kwa sababu uliiletea TANU ushindi. Mimi nausifu kwa sababu nyingine. Sharti lile lilikusudiwa kututenga katika masanduku matatu. Lakini mkulima wa Unyanyembe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alilazimika kukaa chini akamfikiria Mhindi mmoja baada ya mwingine: huyu ni mtu wa namna gani? Nimwamini? Duka halikuwemo katika karatasi ya kura. Kiatu hakikuwemo. Aliyekuwemo ni mtu. Na TANU iliwaunga mkono Waasia waliokuwa tayari kusimama nayo, kama Amir Jamal na Bi Sophia Mustafa, nao wakashinda kwa kura za Waafrika. Mwezi Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu, Mwalimu alisema wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali ubaguzi wa rangi. Njia ya kufika kwenye kauli hiyo ilipita hapa.

Kilichofuata hakikuwa kinyoofu. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja kabila la mtu, na hata hivyo waliopoteza nyumba walikuwa hasa Waasia. Wengi walifunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku tisini, na tofauti kati ya sheria yetu na amri yake ni kubwa. Lakini mtoto wa Uhindini aliyeuona ukuta wa nyumba yao ukihesabiwa hakuwa na utulivu wa kupima tofauti hiyo. Hekalu hili lilibaki na waumini wachache kuliko vyumba vyake.

Mwaka 1972 huohuo ulituletea wageni wengine, Warundi waliokimbia mauaji kwao. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu, ambayo leo iko Wilaya ya Kaliua, na vilevile Katumba na Mishamo. Walifyeka pori lenye mbung'o, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Kuanzia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu kulifanya. Nani kati yetu hajala mahindi ya Ulyankulu? Hata hivyo nimekaa katika kikao cha harusi mjini hapa, nikasikia posa ikikataliwa kwa neno moja tu, mkimbizi, na kijana mwenyewe alizaliwa hapa, mama yake akazaliwa hapa. Kiatu kile kimebadilisha mguu tu.

Ni rahisi kusema juu ya Likasi, na juu ya kikao cha harusi ambacho si cha mwanangu. Nije kwangu.

Mwaka 1983 mnaukumbuka. Madukani hapakuwa na sukari, sabuni wala mafuta ya kupikia, na ulianza msako wa wahujumu uchumi nchi nzima. Walanguzi walikuwako, sikatai, wa kila rangi. Lakini macho ya watu yalikuwa yamefundishwa pa kutazama. Siku moja alasiri msako ulifika kwa Bhai. Nilikuwa mwalimu kijana, nimerejea nyumbani kwa likizo, nikasimama katika kundi la watu lililojaa barabarani. Wakatoa ndani magunia mawili ya sukari na katoni za sabuni, umati ukapiga vigelegele. Mmoja wa wasakaji alinifahamu. Akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, huyu Mhindi unamjua?"

Mtu huyo alikuwa amempa baba yangu mkopo kila mwezi ambao mshahara wa reli ulichelewa. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyefunga duka siku nzima, akakaa msibani kwenye jamvi pamoja na wazee, viatu vyake amevivua mlangoni. Nilijifunza kusoma nikiwa nimeegemea kaunta yake, kwa magazeti aliyofungia chumvi. Nikajibu: "Nalijua duka lake."

Hilo tu. Sikusema uongo. Bhai alikuwa amesimama hatua nne kutoka nilipokuwa, akanitazama, kisha akatazama chini. Alikaa mahabusu siku kumi na moja, akaachiwa bila kushtakiwa. Magunia yale hayakurudi. Jioni aliyorudi, Ba alituletea sahani ya vitafunio iliyofunikwa kwa kitambaa, kama alivyofanya kila walipokuwa na jambo la kumshukuru Mungu. Hakuna aliyenitajia lile neno, si siku ile wala baadaye. Ningefurahi kama wangenitukana.

Miaka mitatu baadaye Ba alifariki. Wanawe walikuwa Leicester. Alfajiri Bhai alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule ya hapa mjini. Alisema kwamba marehemu hawezi kungoja jua likiwa kali, na kwamba kati ya wanaume wa Kihindu waliosalia mjini, wenye nguvu ya kubeba ni wawili. "Mwalimu," akasema, "nahitaji mabega."

Tulikwenda sita, watu wa mtaa. Kijana mmoja alileta mkokoteni wa kuni za miyombo, akakataa malipo. Wawili kati yetu walikuwa Waislamu na mmoja mzee wa kanisa, na nilijua kwamba njiani watu walituangalia kwa mshangao. Machela ya mianzi ni nyepesi kuliko jeneza la mbao. Hilo nililigundua siku ile. Nililigundua na jingine: mahali pale tulipopaogopa utotoni ni uwanja mdogo tu wenye ukuta, majivu na mti wa mwembe, kama ile miembe mingine ambayo wazee husema ilimea kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi. Moto uliposhika, Bhai alisimama kando yangu. Hatukusema neno. Tuliporudi tulioga, kama desturi yao inavyotaka, na akatuketisha ndani, sebuleni, tukapewa chai katika vikombe vya nyumba. Nilitazama dirishani. Kikombe cha bati kilikuwa kimeondolewa. Sijui ni mwaka gani, wala ni nani kati yao aliyekiondoa.

Bhai alikwenda kwa wanawe miaka miwili baadaye, naye amefariki hukohuko. Wiki moja kabla ya kusafiri alinipitia akiwa na daftari lake la zamani, lile refu lenye jalada jekundu, ambalo wenzetu hufunga la zamani na kufungua jipya kila Diwali kwa sala. Alifungua ukurasa mmoja, akaweka rula, akauchana taratibu usiharibike. Juu yake paliandikwa jina la baba yangu kwa herufi za Kirumi. Chini yake, toka mwanzo hadi mwisho, ni Kigujarati. Nilimuuliza ni kiasi gani. Akasema: "Siku ukitaka kujua, atakusomea mtu wa hekaluni."

Nimeuweka ukurasa huo katika kabati langu tangu siku ile, na sijawahi kumpa mtu ausome. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu vijana wa hapa hawasomi tena Kigujarati. Si kweli, hapa hekaluni watoto hufundishwa, na nimewasikia wakikariri nikipita barabarani. Nilihofia kuwa chini kabisa pameandikwa deni. Nikahofia zaidi kuwa pameandikwa limefutwa, na tarehe yake ni ya mwaka 1983.

Leo nimekuja nao. Uko hapa katika bahasha. Baada ya chakula, Ndugu Mwenyekiti, naomba kijana mmoja aketi nami pale barazani anisomee mstari kwa mstari, na kama kuna kiasi kilichosalia, nimebeba fedha.